Gari la Zamani na Petroli ya Ethanoli: Mafundi Wajibu Maswali ya Wasomaji

Wasomaji wa Mombasa wenye magari ya zamani wametuletea barua nyingi wakiuliza petroli iliyochanganywa na ethanoli itayafanyia nini magari yao. Wengine wanasafiri nchi ambako haikwepeki, wengine wanauliza wakiwa na hofu kwamba itarudi hapa. Si jambo geni kwetu: miaka ya 1980 Kenya iliwahi kuuza petroli iliyotiwa spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Kwanza neno moja la vipimo. E10 ni petroli ambayo katika kila lita 100, lita 10 ni ethanoli. E20 ni lita 20 katika 100, na kuendelea hivyo. Namba hiyo ijue kabla hujagusa spana, kwa sababu ushauri wa E10 sio wa E20.

Asalaam aleikum, mafundi. Nina Toyota Corolla KE70 ya kabureta, injini 4K, niliyoachiwa na marehemu baba. Disemba nataka kwenda nayo Malawi kupitia Lunga Lunga, Morogoro, Mbeya hadi Karonga. Naambiwa petroli ya huko ina spiriti na itaniulia injini. Ni kweli? Nitengeneze nini kabla ya kutoka? — Mwenye Corolla, Bondeni

Waalaikumu salaam, ndugu yetu. Injini haitakufa. Pistoni, ringi na valvu za 4K hazina ugomvi na petroli yenye ethanoli asilimia 10 wala 20. Vinavyoumia ni vile vinavyobeba mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta: mipira, viwambo, gasketi, na tangi lenyewe kama lina kutu. Malawi wanachanganya ethanoli ya miwa tangu 1982, na kiwango hupanda na kushuka kufuata upatikanaji wake. Jitayarishe kwa asilimia 20. Ukikuta pungufu, ni heri.

Anza na mipira ya mafuta. Mipira ya magari ya rika la lako ilitengenezwa kwa petroli tupu. Ethanoli hupenya ndani yake, ikavimba na kulainika. Kisha gari likilala siku nyingi au likirudi kwenye petroli tupu, mpira ule ule hukauka, ukanywea na kupasuka. Ndiyo maana wengi huvuja baada ya safari, wakati mwenye gari ameshajiona salama. Kuutazama tu hakutoshi. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa kwenye kona, au ukiusugua kwa kitambaa cheupe ukaacha weusi, umekwisha. Badilisha yote kwa mara moja: unaotoka kwenye tangi, unaoingia kwenye pampu, unaopanda kwenye kabureta, na ule wa kurudishia mafuta ambao mafundi wengi huusahau. Dukani taka mpira ulioandikwa SAE J30R9 ubavuni. Huo umetandikwa ndani tabaka la Viton au mpira wa jamii hiyo, ambao ethanoli haiuwezi. Maandishi yasiposomeka, usinunue. Magari mengi ya Kijapani ya wakati huo yanatumia kipenyo cha ndani cha milimita 6 au 8, lakini pima bomba lako kwanza. Ule mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, unaopendwa kwa sababu mafuta yanaonekana yakipita, uache kabisa. Ethanoli hunyonya kilainishi chake, ukakakamaa na kuanza kuvuja kwenye maungio.

Pampu ya 4K inasukumwa na injini, na ndani yake mna kiwambo cha mpira. Kikitoboka, mafuta hudondoka kwa nje au, vibaya zaidi, huingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kinuse, na uangalie kiwango: oili inayoongezeka badala ya kupungua, tena inanuka petroli, imeshapoteza uzito wa kulinda beringi. Simamisha gari, badilisha pampu na umwage oili yote. Kwa safari yako tunashauri pampu mpya kabisa. Ya zamani ikiwa bado nzima, ifunge kwenye buti iwe ya akiba.

Kabureta ifunguliwe na kutiwa seti mpya ya vipuri: sindano ya floti na kiti chake, kiwambo cha ile pampu ndogo inayomwaga mafuta unapokanyaga, na gasketi zote. Hapa kuna hatari ambayo duka halitakuambia. Seti nyingi za magari ya zamani zimekaa kwenye rafu miaka na mikaka, na mpira wake ni wa kale kama ule unaoutoa. Zijaribu kabla ya kuzifunga. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, tia mafuta ya mchanganyiko utakaotumia, tumbukiza kipande kimoja cha mpira baada ya kukipima unene kwa venia, na ukiache siku tatu mahali penye kivuli, mbali na moto. Kikivimba kikaonekana kwa macho, au kikawa laini kiasi cha kuachia rangi, rudisha seti nzima dukani. Sindano ya floti inayovimba ncha hukwama, kabureta ikafurika, na petroli ikamwagikia juu ya eksozi yenye moto.

Sasa filta. Ethanoli huyeyusha gamba na uchafu ambao petroli tupu imeuacha ukutani mwa tangi kwa miaka mingi, na uchafu huo wote huelekea mbele. Gari linakwenda vizuri kilomita 200 au 300, halafu mlimani linaishiwa nguvu. Ukisimama kidogo linapata fahamu, ukiondoka linakufa tena. Wengi hulaumu plagi au koili hapo, kumbe filta imeziba. Funga filta yenye mwili unaoonyesha ndani kati ya tangi na pampu, ibadilishe baada ya tangi la kwanza la mchanganyiko, kisha baada ya la tatu, na uchukue nyingine nne za akiba. Ni bei ndogo, na Iringa usiku hutazipata. Chujio la ndani ya tangi nalo lioshwe kabla ya safari.

La mwisho ni kurekebisha mafuta na hewa. Kilo moja ya petroli tupu hutaka hewa kilo 14.7 ili iungue yote. Kilo moja ya ethanoli hutaka 9 tu, kwa sababu ina oksijeni yake ndani. Kabureta haijui hayo. Inaendelea kumimina kiasi kile kile, na mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. Kwa E10 upungufu ni kama asilimia 3 hadi 4 na injini nyingi hazionyeshi lolote. Kwa E20 unafika karibu asilimia 7, na hapo utausikia: injini inakohoa kupitia kabureta ukikanyaga ghafla, inasitasita kabla ya kushika kasi, joto linapanda, na plagi zikitolewa zina ncha nyeupe badala ya kahawia hafifu.

Ukiona hivyo, fungua skrubu ya mchanganyiko wa mzunguko wa taratibu robo ya duara kwanza. Hiyo inatibu injini inaponguruma gari likiwa limesimama tu. Ya barabarani inatibiwa na jeti kubwa zaidi, yaani kile kijipande chenye tundu linalopima mafuta ndani ya kabureta. Hesabu yake ni ya eneo la shimo, siyo ya kipenyo: kuongeza mafuta asilimia 7 ni kuongeza kipenyo asilimia 3 na nusu hivi. Jeti ya milimita 1.10 inakuwa 1.14. Nunua jeti iliyoandikwa saizi inayofuata na ujaribu. Kutanua jeti kwa waya au ncha ya sindano ni kuiharibu. Shimo likipoteza mviringo wake hakuna kipimo tena. Ile ya asili ihifadhi, uirudishe ukifika nyumbani.

Tahadhari moja kuhusu njia yenyewe. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Mombasa hukoleza mafuta yenyewe. Ukibadilisha jeti ukiwa Mbeya utadanganyika, kwa sababu Karonga iko ufukweni mwa ziwa, chini ya hapo kwa zaidi ya mita elfu moja, na ndipo ukavu utakapotokea. Subiri uteremke, jaza mafuta ya huko, endesha kilomita 50, ndipo utazame plagi.

Mafundi, nina Peugeot 504 pikapu. Kila nikipanga foleni ya feri ya Likoni mchana, injini inazima na haiwaki mpaka ipoe. Asubuhi haina tatizo. Fundi wangu asema kituo cha mafuta kinatia spiriti. Nitajuaje? — Mchuuzi wa samaki, Likoni

Bwana, usimlaumu mtu kabla ya kupima, na kupima ni kazi ya robo saa. Nunua kwenye duka la vifaa vya maabara silinda ya kupimia ya mililita 100, ya kioo, yenye kizibo. Tia maji hadi alama ya 10, na ukipenda dondoshea rangi ya chakula ili mstari uonekane. Ongeza petroli juu yake mpaka alama ya 100, yaani petroli mililita 90. Ziba, pindua juu chini polepole mara kumi au zaidi ukilegeza kizibo kutoa mvuke, kisha simamisha ikae dakika kumi. Ethanoli huipenda maji kuliko inavyoipenda petroli, kwa hiyo huhama na kushuka chini. Ukikuta mstari wa maji umebaki 10, hakuna ethanoli. Ukipanda hadi 19, zimeingia mililita 9 kutoka katika 90, nayo ni asilimia 10. Ukifika 28, ni asilimia 20. Kipimo hiki hukosea kidogo, lakini hakiwezi kukuchanganyia E0 na E10. Kifanyie nje, pasipo sigara wala jiko, na uliyoyapima usiyarudishe kwenye tangi.

Kwa kuwa umeshaanza kupima, tonesha petroli kidogo kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huruka ikaacha karatasi kavu. Alama ya mafuta inayobaki ni dalili ya mafuta ya taa. Udanganyifu huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kuuzuia. Ukithibitisha chochote, weka risiti na sampuli kwenye chupa ya kioo na upeleke malalamiko EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli.

Hata hivyo, dalili zako zinasema kitu kingine: gari limeshika hewa. Mafuta yanachemka ndani ya pampu au kwenye bomba lililo karibu na eksozi, na pampu inasukuma mvuke badala ya petroli. Kwenye foleni ya feri hakuna upepo wa kupoza injini, jua la kaskazi liko kichwani, na gari limesimama injini ikinguruma. Petroli tupu inaweza kufanya hivyo. Ethanoli huzidisha, na ajabu ni kwamba kiasi kidogo ndicho kibaya zaidi: asilimia 5 hadi 10 ndiyo inayopandisha sana mvuke wa petroli, na ukiongeza zaidi ya hapo unaanza kushuka.

Tiba ni moja, mafuta yawe na ethanoli au yasiwe nayo. Fuata bomba kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta na ulitenge na eksozi kwa sentimita kadhaa. Pale lisipoweza kutengana, funga bati la kuzuia joto kati yake, siyo kulizungushia kitambaa. Angalia kama kile kipande kizito kisichopitisha joto kilicho chini ya kabureta bado kipo, maana mafundi hukitoa wakakosa gasketi ya kurudishia. Feni ifanye kazi, rejeta iwe safi, nati za eksozi zikazwe. Kama gari lako halina bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kulifunga kunasaidia kuliko yote: mafuta yanazunguka muda wote na hayapati nafasi ya kukaa yakachemka. Ukiwa foleni na limezima, tandika kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, fungua boneti, subiri. Usimwagie maji eksozi, itapasuka.

Nina Starlet ya kabureta, na nyumbani nina jiko la ethanoli. Mafuta ya jiko ni rahisi kuliko petroli. Nikitia lita tano kwenye tangi kuna ubaya? — Mama wa watoto watatu, Kisauni

Dada, usifanye hivyo, na tukueleze sababu kwa hesabu. Ethanoli ya kuchanganywa na petroli hukaushwa maji kwa mtambo maalumu, kwa sababu kuchemsha peke yake hakuwezi kuondoa yote: spiriti inayopatikana kwa kuchemsha hubaki na maji asilimia 4 na kitu. Spiriti ya jiko haihitaji kukaushwa, maana maji hayo hayazuii moto wa jiko kuwaka.

Chukulia spiriti yako ina maji asilimia 5. Ukitia lita 5 kwenye petroli lita 35, umeingiza maji robo lita katika lita 40, yaani asilimia 0.6. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 kwenye nyuzi 15 hubeba maji kama asilimia 0.5 tu kabla ya kujitenga. Joto la Mombasa linaongeza uwezo huo kidogo, kwa hiyo mchana gari lako litakwenda. Usiku likipoa, au ukipanda bara penye baridi, mafuta yanavuka mpaka huo: maji hujitenga, yakaichukua ethanoli, yakazama pamoja chini ya tangi, mahali hasa pampu inaponyonyea. Asubuhi unavuta maji na spiriti. Gari haliwaki, na ile petroli iliyobaki juu imepoteza oktani iliyokuwa ikipewa na ethanoli, hivyo hata ukimwaga ya chini, injini inaweza kugonga. Zaidi ya hayo, spiriti ya jiko hutiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na hujui vinafanya nini kwenye kabureta.

Na ukae ukijua kwamba mtu akichanganya mafuta hivyo akayauza, anavunja sheria.

Nafanya kazi Harare na ninatumia Corolla 110 ya injekta, injini 5A-FE, niliyoinunua kwetu Mombasa. Taa ya injini imewaka na mafuta yanaisha haraka. Nibadilishe nozeli? — Kijana wa Mikindani

Usibadilishe kitu bado. Zimbabwe imelazimisha ethanoli kwenye petroli tangu 2013, na kiwango kimekuwa kikipanda na kushuka kati ya asilimia 5 na 20, kwa hiyo soma bango la kituo kila unapojaza. Ethanoli ina nguvu pungufu ya petroli kwa theluthi moja hivi katika kila lita. Kwa E20 utapoteza kama asilimia 7: gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita litakwenda 11 na kidogo. Hiyo ni kawaida, hakuna nozeli itakayoirudisha. Likishuka hadi 9, hapo una ugonjwa.

Gari lako, tofauti na la kabureta, linajirekebisha lenyewe. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi inaona ukavu, na kompyuta inaongeza mafuta. Ikiwa sensa imechoka, au pampu ya ndani ya tangi haina presha, kompyuta hufika mwisho wa uwezo wake na kuwasha taa. Tafuta kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye chumba cha injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, na uhesabu miwako. Msimbo 21 ni sensa ya oksijeni. 25 ni mchanganyiko mkavu. Ukipata 25, badilisha filta ya mafuta kwanza, kisha upime presha ya pampu, kisha utafute hewa inayoingia kwa wizi kwenye mipira ya vakyumu. Aliye na gari jipya zaidi linalosomwa kwa mashine ataona marekebisho ya mafuta ya muda mrefu: nyongeza ya asilimia 7 kwa E20 ni sawa, ikipita 10 anza kutafuta.

Pampu yako imo ndani ya mafuta, na kipande cha mpira kinachoiunganisha humo kinalowa ndani na nje. Ile J30R9 tuliyoitaja juu haifai hapo. Taka iliyoandikwa J30R10.

Mimi ni baharia. Nina Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, naiacha Tudor miezi sita kila mkataba. Nikirudi hukuta tangi lina kutu na kabureta imeziba unga mweupe. Nifanyeje, hasa kama petroli ikija kuwa na ethanoli? — Baharia, Tudor

Ndugu yetu, barua yako ndiyo iliyotushughulisha kuliko zote, kwa sababu Mombasa ni mahali pabaya kwa tangi lililolala. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na chumvi juu yake. Mchana tangi linapumua nje, usiku linapoa na kuvuta hewa ya bahari ndani, na unyevu unaganda kwenye bati tupu lililo juu ya mafuta. Petroli tupu huyaacha maji hayo yazame chini. Ethanoli huyanywa, ikayatembeza kila mahali, na ikishiba huyaachia yote kwa pamoja. Ule unga mweupe ni kutu ya madini ya kabureta: mwili wake ni wa aloi ya zinki, na maji yenye ethanoli huushambulia.

Kabla ya kuondoka, pima petroli kwa ile silinda tuliyoieleza juu na ujaze isiyo na ethanoli. Yenye ethanoli usiilaze zaidi ya miezi mitatu. Jaza karibu na ukingo, ubakize nafasi ndogo ya mafuta kutanuka, maana bati lililofunikwa na mafuta halipati hewa ya kulishika kutu. Ukipata dawa ya kutunza petroli, itie kabla ya kujaza ili ichanganyike, kisha endesha dakika kumi ifike kwenye kabureta. Halafu chomoa mpira wa mafuta, uzibe, na uache injini iwake mpaka izime yenyewe, bakuli la kabureta libaki tupu. Gasketi ya kifuniko cha tangi iwe nzima. Iliyopasuka ni mlango wa unyevu.

Ukirudi usiwashe. Nyonya lita moja kutoka chini kabisa ya tangi kwa mpira na pampu ya mkono, siyo kwa mdomo, uitie kwenye chupa safi ya kioo na uisubiri nusu saa. Ukiona mstari unaotenganisha tabaka mbili, mwaga tangi zima. Kuna wanaomimina spiriti zaidi ili kuyeyusha tabaka hilo. Usithubutu, unaongeza tu kile kitakachojitenga tena.

Tangi lako liko mbele na linatoka kwa boliti chache. Litoe, toa kipima mafuta, tia maji ya sabuni lita mbili na konzi ya nati ndogo au kipande cha mnyororo, litikise pande zote mpaka maji yatoke meusi. Suuza. Tia dawa ya kutoa kutu yenye asidi ya fosforiki kwa kipimo kilichoandikwa, suuza tena, likaushe siku hiyo hiyo kwa hewa ya moto ya umeme, kwa sababu bati lililosafishwa hushika kutu upya ndani ya saa chache kwa hewa yetu. Ukitaka kulipaka rangi ya ndani, soma kopo: lazima iandikwe kwamba inahimili ethanoli. Rangi za zamani za kuziba tangi huyeyuka, zikatoka kama ngozi na kuziba kila kitu hadi kabureta. Na tangi lisichomelewe na fundi yeyote asiyelijua vyema, hata kama limekaa tupu wiki nzima. Mvuke uliobaki kwenye maungio unatosha kulipua.

Kisha tunakusihi kuhusu moto. Injini yako iko nyuma, na mpira wa mafuta unapita karibu yake, juu ya sehemu zenye joto. Ile mipira ya asili iliyofumwa kwa uzi kwa nje huficha nyufa zake. Badilisha yote kwa J30R9 ya saizi sahihi, pamoja na kile kipande cha chini ya tangi na kile kinachopenya ukuta wa injini, ambacho kinataka kimpira cha kuzuia bati lisikikate. Shika kijibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta na ukivute kwa vidole. Kikicheza hata kidogo, kitakuja kuchomoka njiani na kumwaga petroli juu ya distributa. Fundi akikaze upya au atie kenye nyuzi. Weka kizimamoto cha unga ndani ya gari, karibu na kiti chako, siyo buti.

Kwa ufupi: Land Rover yangu Series III ilitengenezwa kwa petroli ya risasi. Ethanoli inaweza kuchukua nafasi ya risasi kulinda valvu? — Msomaji, Mazeras

Haiwezi, mzee wetu. Ethanoli inapandisha oktani kama risasi ilivyofanya, lakini haiachi lile tabaka lililokuwa likilinda viti vya valvu za eksozi. Risasi ilikwisha kwenye vituo vyetu mwanzoni mwa 2006. Pima nafasi za valvu kila kilomita 5,000: ya eksozi ikiwa inapungua kila mara, kiti kinaliwa, na dawa ni kufungua silinda hedi na kutia viti vigumu. Ikiwa haijapungua kwa miaka yote hii, viti vyako vinavumilia. Endelea kupima tu.

Na E85, je? Nataka nguvu za mashindano kwenye Datsun 1200. — Msomaji, Changamwe

E85 hutaka mafuta zaidi kwa karibu asilimia 40: jeti zote, sindano, pampu na mipira vibadilishwe, na kompresheni ipandishwe, vinginevyo ile oktani kubwa haina kazi. Kabureta ya kawaida ya Hitachi haifikii huko kwa kubadilisha jeti moja. Kama huna mahali pa kuaminika pa kununua mafuta hayo mwaka mzima, fedha hizo zitie kwenye kuweka sawa injini uliyo nayo, na ubaki na petroli ya kawaida.